Upinde Hutundikwa Saa Kumi

Jumamosi, Septemba 24

Msimu wa upinde umefunguliwa. Nilipanda ulingo saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwaloni uleule, futi kumi na sita kutoka chini. Kipimajoto cha barazani: 44 za Farenhaiti.

Nilisali Baba Yetu kwa Kijerumani, taratibu, kama baba alivyonifundisha. Sala kwanza, mshale baadaye. Kisha kukaa. Kulungu majike wanne, mtoto mmoja, bata mzinga kumi na mmoja. Sikuvuta.

Saa kumi jioni nimeshuka. Kwenye kanuni za kanisa letu jambo hili halimo. Ni desturi ya wawindaji wa zamani wa bonde hili: Jumamosi upinde hutundikwa saa kumi. Kulungu aliyepigwa vibaya anataka saa nane, kumi, hata kumi na mbili za kuachwa alale. Ukimwandama mapema atakimbia na utampoteza. Basi ukimpiga Jumamosi jioni, saa hizo zinakutupa ndani ya Jumapili. Na Jumapili hatuwindi. Hatufuati damu. Hatuchukui kisu.

Vijana wanacheka. Mimi nina miaka 58 na sijaivunja.

Jumatano, Septemba 28

Nimetuma barua ya gazeti. Mwaka wa kumi na tisa huu, kila wiki barua moja kutoka kanisa letu: nani kajifungua, nani kalazwa, mvua kiasi gani, ibada ijayo iko nyumbani kwa nani. Ukurasa mmoja, si zaidi. Yasiyofaa kule huja humu.

Dume mwenye sikio bovu amerudi! Mwaka wa tatu namwona. Pembe zina ncha kumi. Sikio la kushoto lilichanwa na seng'enge. Leo alisimama hatua sitini. Mbali mno. Hakuwa na haraka, nami sikuwa nayo.

Monroe naye anamjua. Monroe ni kaka yake Verna, mke wangu, na jirani yetu ng'ambo ya kijito. Anamwita Askofu. "Anafika wa mwisho," anasema, "na wote wanampisha." Verna alicheka, halafu akajikemea.

Jumapili, Oktoba 2

Jumapili isiyo na ibada; tunakutana wiki moja, wiki nyingine hapana. Monroe na mkewe Ada walikuja kula. Verna aliwaalika, si mimi. Kuku, tambi, pai ya tofaa. Monroe alizungumza na Verna, na mbwa, na tena na Verna. Kwangu: "Shemeji, nipe chumvi." Mara mbili. Chakula kilikuwa na chumvi ya kutosha.

Ni kwa ajili ya nyasi. Niziandike tena, zikae sawa.

Miaka miwili iliyopita, Agosti. Ada alikuwa hospitali wiki nzima. Nyasi za Monroe zimekatwa, zimelala shambani, na mvua iko njiani. Jumapili saa tisa alasiri nikasikia gari lake la mizigo la farasi likipanda kilima na nyasi. Jumatatu asubuhi nikaenda kwa Wayne, shemasi wetu. Moja kwa moja. Maandiko yanataka uanze kwa ndugu yako, wewe na yeye peke yenu. Njia ya kwenda kwa Wayne inapita mlangoni kwa Monroe. Nilipita.

Aliungama mbele ya kanisa, kwa magoti. Kwanza alitolewa nje, kama ilivyo, ili wanachama tushauriane. Alichukua kofia yake akaenda kukaa bandani. Dakika ishirini na tano. Kisha Wayne akatoka kumwita, kichwa wazi. Ndivyo ilivyo siku zote: anayetolewa huchukua kofia, hajui atakaa nje muda gani. Anayetumwa kumwita huenda bila kofia, anarudi papo hapo.

Niliyaandika hayo siku ile. Leo nimeyasoma. Mpangilio wote upo, dakika zipo. Nilivyojisikia hamna.

Alhamisi, Oktoba 6

Mishale kumi na miwili shabahani, hatua ishirini. Kumi na mmoja ndani ya kisosi. Mmoja nje, juu kushoto. Bega linasumbua.

Wayne amepita kukumbusha tarehe. Oktoba 23 ibada ya mapatano. Novemba 6 meza ya Bwana. Kwenye mapatano kila mwanachama huulizwa, mmoja mmoja: una amani na Mungu, na kanisa, na ndugu zako? Tusipopatana, meza haiandaliwi. Imewahi kutokea, kanisa jirani. Walikaa mwaka mzima bila.

Wanaume tunakaa kwa umri. Nimemzidi Monroe wiki tatu. Kwa hiyo swali hunifikia mimi, kisha yeye. Na siku ya meza tunatawadhana miguu wawili wawili kwa mpangilio huohuo. Mwaka jana alinitawadha akitazama beseni.

Jumamosi, Oktoba 8

Nimevunja.

Niandike kwa utaratibu. Nilipanda saa nane mchana. Upepo wa magharibi, mdogo. Saa kumi ikafika. Nikatoa saa mfukoni, nikaitazama, nikairudisha. Nilijiambia: nakaa tu, sivuti. Kwa saa mbili ilikuwa kweli.

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane akatoka. Dume mwenyewe. Alipita chini ya mti wa jozi, akasimama, akanusa, akaja. Hatua arobaini. Thelathini. Kumi na tisa. Miaka mitatu! Sikusali. Sikumbuki kuvuta. Nakumbuka mlio wa uzi.

Alikuwa amepiga hatua moja mbele. Mshale uliingia nyuma ya pale ulipotakiwa. Alikunja mgongo kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, akaondoka kwa kutembea. Kutembea! Wanaopigwa vizuri hukimbia.

Nilisubiri nusu saa, nikashuka. Mshale ulikuwa umepita, umechomeka ardhini. Damu ya kahawia, na majani yaliyotafunwa. Nikanusa. Utumbo.

Saa kumi na mbili tangu sasa ni Jumapili asubuhi.

Nikaacha mshale palepale, nikafunga kitambaa kwenye kijiti, nikarudi nyumbani. Verna aliuliza: "Umepata?" Nikasema: "Jumatatu." Akaelewa. Aliweka sahani mezani.

Jumapili, Oktoba 9

Ibada kwa akina Raber. Watu 140. Hubiri la kwanza dakika thelathini na tano, la pili saa moja na dakika kumi. Wimbo wa sifa ulichukua dakika ishirini na mbili. Mkate, siagi ya karanga, matango ya siki, kahawa. Joto 71 mchana. Nyama haikai kwenye joto hilo.

Jumatatu, Oktoba 10

Niliingia porini kulipopambazuka. Kitambaa, mshale, damu. Tone, hatua sita, tone. Alilala mara ya kwanza chini ya mwerezi, dimbwi dogo. Akainuka. Akalala tena. Anayepigwa tumbo hutafuta maji, nami nikafuata mteremko hadi kijitoni. Ng'ambo yake ni malisho ya Monroe.

Hakuwepo. Majani yaliyolazwa, manyoya, damu nyingi mahali pamoja. Matumbo yamerundikwa vizuri, pembeni mwa maji. Mburuzo wa kuelekea juu. Alama za buti, na kwato za farasi wa kazi. Si mbweha. Mtu.

Nilifuata mburuzo hadi kwenye kijumba chake cha chemchemi, anapopoozea maziwa. Monroe alikuwa mlangoni anafuta mikono. Nyuma yake nyama imetundikwa, ya miguu ya mbele na minofu ya mgongo. Kichwa juu ya ubao. Sikio bovu.

"Nilijua utakuja," akasema. "Umechelewa kidogo tu. Siku moja na nusu."

Nikamuuliza lini.

"Jana. Saa kumi alasiri nilikwenda kutazama mitamba. Nikamkuta amelala, nusu ndani ya maji. Hai, shemeji. Ananitazama."

Nilitazama kichwa juu ya ubao.

"Nilirudi nyumbani kuchukua kisu. Nikachukua na farasi. Nyama ya nyuma imeharibika, nimewapa mbwa. Hii iliyobaki ni nzuri. Nusu yako. Kichwa chako." Akakunja kitambaa mara mbili, akakiweka begani. "Kwa hiyo nimefanya kazi Jumapili tena. Kisu, farasi, kubeba mzigo. Njia ya kwa Wayne unaijua."

"Monroe—"

"Nenda mapema, kabla hajaanza kukamua."

Hakupandisha sauti. Ada alikuwa anaanika nguo, kamba nzima. Alinipungia mkono.

Sikuchukua nyama. Kichwa aliniwekea mwenyewe kwenye kitoroli chake.

Kisha kibanda cha simu. Sheria ya wanyamapori: mnyama lazima aripotiwe. Mshale ni wangu, nikaripoti mimi. Mashine inauliza tarehe aliyopatikana. Nikabonyeza ya leo. Mimi nilimpata leo. Kisu kilimpata jana.

Jumatano, Oktoba 12

Barua ya gazeti: Mahindi yanakauka vizuri. Ibada ilikuwa kwa akina Raber, wageni kumi na wawili kutoka Indiana. Atlee Keim amepata dume wa ncha kumi.

Sentensi ya mwisho nimeifuta. Nikaiandika. Nikaifuta.

Alhamisi, Oktoba 13

Verna anamenya maboga. Mimi nanoa kisu kisicho na kazi. Akasema bila kuinua kichwa:

"Nilikuona ukimwona."

Nikauliza nini.

"Jumapili. Kwenda kanisani. Pale darajani ulivuta hatamu, farasi akapunguza. Ukatazama chini kijitoni. Nami nikatazama. Alikuwa ameinua kichwa."

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Hatua mia moja na hamsini kutoka barabarani. Amelala kando ya maji, kichwa juu, sikio moja limesimama. Ndiyo. Nilimwona. Niliandika humu idadi ya watu, urefu wa mahubiri, matango ya siki. Hilo sikuandika.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Nilingoja useme wewe. Wewe ndiye unayejua kungoja." Akachukua boga jingine. "Yule mnyama alingoja saa nane, Atlee. Sisi tukiimba."

Ni saa saba na dakika arobaini. Sikumsahihisha.

Ijumaa, Oktoba 14

Nimefikiri kwa mpangilio.

Nilidhani nashika Jumapili. Kanuni inasema tusiwinde. Je, kummaliza mnyama niliyemjeruhi mimi mwenyewe ni kuwinda? Bwana aliwauliza swali la namna hiyo waliokuwa wakimvizia, juu ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya sabato. Hawakuweza kumjibu. Nimelisikia likihubiriwa mara arobaini kwa uchache.

Sikusimama darajani kwa sababu tatu. Moja: suti ya ibada. Mbili: magari mawili ya farasi ya ndugu yalikuwa nyuma yetu. Wangeona. Wangeuliza alipigwa lini. Ningesema Jumamosi jioni. Atlee Keim, wa saa kumi!

Ya tatu ni ya pili, kwa maneno mengine.

Jumatano, Oktoba 19

Wayne alikuja saa tano, akakataa kahawa. Huzungukia nyumba zote kabla ya mapatano.

"Kuna jambo lolote, Atlee? Kati yako na mtu?"

"Hakuna kubwa."

"Na dogo?"

Nikamwambia mvua inakuja. Aliangalia mbingu. Hazikuwa na wingu.

"Monroe nimemuuliza pia," akasema akipanda gari. "Amesema nikuulize wewe. Kwamba wewe ndiye mwenye kumbukumbu nzuri."

Nikimtaja Monroe, atatolewa nje mara ya pili, na sasa kwa kumhurumia mnyama wangu. Nisipomtaja, basi nyasi zake zilikuwa na uzito gani kuliko kisu? Na nikinyamaza kabisa, nitaulizwa Jumapili mbele ya watu wote kama nina amani, na nitasema ndiyo, na yeye atakuwa amekaa kushoto kwangu, bega kwa bega, akisikiliza.

Jumamosi, Oktoba 22

Nilipanda ulingo saa nane bila upinde. Nilitaka kukaa tu. Majike wawili walipita chini kabisa, ningeweza kuwadondoshea kofia. Saa kumi nikashuka.

Nikavuka kijito kwa miguu. Monroe alikuwa anakamua. Nikasimama kwenye mlango wa zizi.

"Ingia au toka," akasema. "Unaingiza baridi."

Nikaingia. Nikakaa juu ya ndoo. Ng'ombe wa tatu, wa nne. Alihama na kigoda chake, nami nikahama na ndoo yangu.

"Huyu ametoa kidogo," nikasema.

"Ana umri."

"Unamlisha nini?"

"Shemeji, umevuka kijito Jumamosi jioni kuuliza chakula cha ng'ombe?"

Nilikuwa na sentensi. Niliipanga kuanzia mwaloni hadi kijitoni, maneno kumi na manne. Neno la kwanza lilikuwa jina lake. Nililisema, akageuka, akangoja. Alingoja vizuri kuliko nilivyotarajia. Maziwa yalikuwa yakigonga ndoo, halafu yakaacha kugonga.

Nikasema usiku mwema.

Verna ameweka shati jeupe juu ya kiti. Amepaka buti zangu rangi. Ameweka na buti zake kando ya zangu.

Jumapili, Oktoba 23
Bandani kwa akina Coblentz, saa tisa na dakika tano alasiri

Naandika nyuma ya karatasi ya barua ya gazeti. Penseli ilikuwa mfukoni, huwa ipo. Nimetolewa nje. Wanashauriana.

Kwa utaratibu.

Mahubiri yalianza saa mbili na nusu. Kuanzia Adamu hadi Waisraeli jangwani, kama kila mara. Tulitoka kula kwa zamu. Baada ya saa nane Askofu akasoma kanuni, kisha Wayne akaanza kupita kwenye mabenchi. Wazee kwanza. "Nina amani, natamani kuendelea." "Nina amani." Mmoja baada ya mwingine. Nilihesabu: ishirini na mmoja mbele yangu.

Akanifikia. Nikasema: "Sina."

Monroe hakugeuka. Bega lake lilikuwa linagusa langu na halikusogea.

Nikasimama. Nilisema mambo manne. Kwamba Jumamosi ya tarehe nane nilivuta upinde wakati nilijua haifai, na nikampiga mnyama tumboni. Kwamba Jumapili asubuhi nilimwona akiwa hai nikampita, si kwa kumheshimu Mungu, bali kwa kuogopa ninyi mtanionaje. Kwamba kuna aliyemwonea huruma badala yangu, na huyo simtaji. Kwamba miaka miwili iliyopita nilimshitaki ndugu bila kwanza kwenda kwake, ingawa mlango wake ulikuwa njiani. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida.

Askofu akauliza kama nina la kuongeza. Nikasema tarehe niliyoripoti kwenye simu pia haikuwa sahihi. Mtu mmoja upande wa vijana alikohoa ili asicheke.

Hakuuliza ni nani aliyemwonea huruma. Alitazama dirishani. Akaniambia nitoke.

Nilichukua kofia.

Ni dakika kumi na saba sasa. Farasi arobaini na kitu humu ndani, wote wanatafuna. Nimekaa juu ya marobota ya nyasi. Nadhani Monroe alikaa upande huuhuu, ingawa banda lilikuwa la mtu mwingine. Miaka miwili iliyopita niliandika dakika ishirini na tano kama mtu anayeandika kipimo cha mvua. Ni ndefu. Mtu husikia kila mlango.

Sijui watasema nini. Wanaweza kuniweka kando na meza hadi majira ya kuchipua. Wanaweza kuahirisha meza yenyewe kwa ajili yetu sote, na hapo kila nyumba itajua ni kwa sababu yangu. Wayne alikuwa bado hajafika kwenye benchi la vijana. Monroe ndiye aliyefuata kuulizwa. Sikusikia alivyojibu. Nilikuwa nimefika uani.

Dakika ishirini na mbili.

Mlango wa nyumba umefunguliwa. Mtu anashuka ngazi. Namwona kupitia ufa wa ubao. Si Wayne. Wayne ni mrefu.

Ni Monroe. Wamemtuma yeye aniite? Haijawahi kutokea—

Hapana. Amevaa kofia, kama anayetolewa.

Anavuka ua taratibu, mikono mfukoni. Amesimama kumpapasa farasi wangu shingoni. Anakuja huku.

Nasogea upande mmoja wa robota, apate pa kukaa.